Muhtasari wa Ndoto za Madiwani

Kwa miaka thelathini na moja Daktari wa Ndoto alikuwa akiwauliza wagonjwa wake maswali mawili ya kuanzia: umeota nini, na mjini kuna nini. Swali la kwanza wenzake wa kazi walilikubali bila shida. Hilo la pili ndilo lililowatoa roho. Tiba ya nafsi, walisema, ni mambo ya mtu na mama yake, mtu na baba yake, mtu na hofu zake za utotoni. Siasa waachiwe wanasiasa. Yeye akawajibu kwamba hajawahi kumwona mgonjwa asiye na mtaa. Mtu akilala, foleni ya hospitali inalala naye, jirani wa chama kingine analala naye, na diwani aliyemdanganya analala naye. Kitanda kimoja, watu kumi, halafu mnashangaa hapati usingizi.

Basi wakamwita mchochezi. Aliandika kitabu kizima kueleza jambo hilo, kurasa mia nne, na kwa hesabu ya dada yake kilisomwa na watu kumi na wawili, watano kati yao wakiwa ndugu wa damu.

Dada yake huyo ndiye aliyepokea simu na kupanga miadi. Alikuwa mkunga mstaafu wa miaka sabini na moja, mwenye mdomo usio na breki. Chumba cha tiba kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani: viti viwili, boksi la karatasi za kufutia machozi, saa ya ukutani iliyotundikwa nyuma ya mgonjwa ili daktari aitazame kwa siri, na dirisha la upande wa barabara lisilofungwa hata siku moja. Wenzake walifunga madirisha na kuteremsha mapazia. Yeye alitaka kelele za mji ziingie, zikae, zichangie mazungumzo.

Jumatatu moja asubuhi chumba kikajaa, na aliyekijaza ni mtu mmoja tu. Alikuwa mwenyekiti wa baraza la madiwani, mtu wa miraba minne aliyewahi kuchezesha mpira ujanani, na mji mzima uliendelea kumwita Refa.

"Daktari, mimi siumwi," alisema kabla hata hajakaa. "Baraza langu ndilo linaloumwa."

"Wote huanza hivyohivyo," alisema dada mtu kutoka kwenye meza yake ya mapokezi, kwa maana mlango ulikuwa wazi.

Daktari akaufunga. Refa akaeleza. Reli ilipita katikati ya mji, na watu walikuwa wakiivuka kwa miguu huku wakiomba Mungu. Daraja la waenda kwa miguu lilikwisha kuidhinishwa, vyuma vipo, mafundi wapo. Kilichokosekana ni mahali. Refa na wenzake wanne walilitaka karibu na stesheni. Diwani mmoja mwanamke, aliyeitwa Kengele kwa sababu akisema stesheni unamsikia uko hospitali, alilitaka karibu na hospitali, naye alikuwa na wenzake wanne. Wa kumi na moja alikuwa fundi cherehani, ambaye kila siku ya kura aliugua tumbo. Miezi kumi na minne sasa.

"Tumeleta wahandisi, wametukimbia," alisema Refa. "Tumeleta viongozi wa dini watupatanishe, wakagombana wao kwa wao. Sasa nasikia wewe una mambo yako ya ndoto. Njoo utuote."

Daktari akasogeza kiti chake mbele. Miaka yote hiyo alikuwa akisubiri mtu aje aseme maneno hayo, na sasa yamesemwa na mtu mwenye shingo nene kiasi kile, aliyekaa kwenye kiti cha wagonjwa na kukilaza upande. Alikubali kabla hajafikiri. Angefikiri, pia angekubali.

Habari zilifika kwa Profesa mchana uleule. Profesa alikuwa mkuu wa bodi ya leseni. Walisoma darasa moja, wakabishana tangu mwaka wa kwanza, na hawakuwahi kupumzika.

"Nisikilize vizuri," alisema kwenye simu. "Ukiingia mle ndani, umeingia na leseni yako kiganjani. Neno moja la mtu likivuja nje ya chumba, naichukua. Na safari hii sikuonei haya."

"Halitavuja."

"Unaapa?"

"Naapa."

Daktari akakata simu. Alikuwa na miaka sitini na minne. Bila leseni hakuna chumba, hakuna viti viwili, na wale wagonjwa wake ishirini na tatu wangeambiwa wakaanze upya kusimulia utoto wao kwa mtu mwingine. Tena kila aliyemwita mchochezi angesema, si nilisema?

Alhamisi, saa nane mchana, aliingia ukumbi wa baraza kama mtu anayeingia chumba cha upasuaji. Meza zikatolewa, viti kumi na viwili vikapangwa duara. Simu zikakusanywa kwenye kapu. Mwandishi wa gazeti akatolewa akilalamika, mama wa chai akatolewa na birika lake. Madirisha Daktari aliyafunga mwenyewe, jambo ambalo dada yake angelipia kiingilio kuliona. Hata tundu la ufunguo alilizibia karatasi. Kisha akawaapisha waheshimiwa wote kumi na mmoja kwamba litakalosemwa humu litabaki humu.

"Haya," akasema. "Nani ameota nini?"

Wapiga domo wa mji mzima, watu wanaohutubia hata kwenye harusi wasizoalikwa, wakatazama viatu vyao.

"Mimi," akasema fundi cherehani hatimaye, "naota nimesimama hapa hapa natoa hotuba. Nimevaa koti, shati, tai. Huku chini sina kitu."

"Kitu gani?"

"Suruali, Daktari! Mimi! Ninayeshona suruali za mji mzima!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Na kicheko kilipotulia, madiwani wanne, wawili wa huku na wawili wa kule, walikiri kwamba na wao wamewahi kuota hivyo. Basi Refa akasema kwamba yeye huota yuko uwanjani, anapuliza filimbi, filimbi haitoi sauti, na wachezaji wanampita tu kama hayupo. Alisema hayo akitazama dari.

Kengele alingoja wengine wamalize. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo, na hakuna aliyewahi kuisikia ikiwa hivyo.

"Daraja limejengwa. Zuri kweli. Mama yangu yuko ng'ambo, ananiita nimpelekee maji. Na mimi nimesimama na ndoo yangu, sivuki, kwa sababu kibao kimeandikwa jina la Refa." Akameza mate. "Maji yanamwagika, ananiita, na bado sivuki."

Kila mtu alijua kwamba mama yake Kengele anaishi upande wa pili wa reli, na kwamba tangu uchaguzi uliopita, mama mtu alipokipigia kura chama kingine, hawasemezani. Refa akatoa leso yake kubwa, akaitazama, akampa Kengele.

Daktari alirudi nyumbani akitembea kama anayepaa. Alimwambia dada yake kwamba imekwenda vizuri, na zaidi ya hapo hakusema hata neno, kwa sababu ya kiapo.

Sasa, katika ukumbi ule kulikuwa na mtu wa kumi na tatu. Karani wa baraza alikuwa amekaa kwenye meza yake ya pembeni, chini ya feni, mahali alipokaa kwa miaka ishirini na saba. Hakutolewa kwa sababu hakuna aliyemwona. Hakuapishwa kwa sababu hiyohiyo. Na kwa kuwa baraza limekaa, na kazi yake ni kuandika yanayosemwa baraza likikaa, aliandika. Kanuni inasema muhtasari ubandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla ya saa tatu asubuhi ya siku inayofuata. Saa mbili na nusu ulikuwa umebandikwa, umepigwa mhuri, pini nne.

Dada mtu alikuwa ametoka kununua mkate. Alirudi bila mkate.

"Mdogo wangu, kaa chini."

"Nimekaa, dada."

"Basi kaa zaidi."

Walipofika kwenye ubao, watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, na kijana mmoja wa duka la vitabu alikuwa akiwasomea walio nyuma kwa sauti ya taarifa ya habari. "Ajenda ya tatu: Ndoto. Mheshimiwa fundi cherehani aliliarifu Baraza kwamba hujiona hana suruali. Waheshimiwa wanne waliunga mkono. Hakuna aliyepinga."

Daktari alishika nguzo ya taa. Kiapo chake kilikuwa kimebandikwa pale kikiwa na mhuri wa serikali.

Fundi cherehani akatokea kwenye kona, hana habari. "Mheshimiwa!" mtu akapaza sauti. "Leo umevaa?" Fundi akasimama, akasoma, akawa mwekundu wa macho, kisha akainua pindo la koti lake kuonyesha mkanda, na umati ukampigia makofi. Hakuwahi kushangiliwa hivyo hata siku aliyoshinda.

Halafu akaja Kengele. Watu wakamwachia njia, kila mmoja akisubiri alie kama kengele aliyoitiwa. Alisoma mstari wake. Akausoma tena.

"Hata mimi na mama yangu hatusemezani," akasema muuza magazeti, mwanamke wa makamo, bila kumtazama. "Mwaka wa pili huu. Kwa ajili ya kura tu."

"Na mimi na kaka," mwingine akasema.

Kengele akafuta macho kwa kiganja. "Mnatazama nini? Nendeni kazini!" akafoka, na vioo vya jengo vikajibu. Kisha akaondoka, naye hakuelekea ofisini. Alielekea relini, upande anaokaa mama yake.

Yote hayo Daktari aliyaona, wala hayakumtuliza. Siri ikivuja ikaleta heri, bado imevuja. Akaingia ndani, akamkuta Karani anapanga majalada.

"Bwana Karani, kwa nini uliandika?"

Mzee huyo mwembamba alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ulimwambia mwandishi atoke, akatoka. Ulimwambia mama wa chai atoke, akatoka. Mimi hukuniambia kitu, Daktari. Hata salamu hukunipa."

Alilisema bila kinyongo, kama anavyosoma taarifa. Tundu la ufunguo Daktari alilikumbuka, mtu mzima akamsahau.

Alasiri Profesa akapanda ngazi za duka la miwani akiwa na bahasha. Dada mtu alimkaribisha kwa jicho la pembeni.

"Nimekuja kukusaidia, usininunie," Profesa akamwambia Daktari. Akatandaza karatasi. "Hapa imeandikwa kwamba karani alivunja kiapo na kuandika bila wewe kujua. Weka sahihi, na leo hii jambo limekwisha kwako."

"Na kwake?"

"Watamfukuza. Sipendi, lakini mtu mmoja lazima abebe."

"Hakuapa. Sikumwapisha. Sikumwona."

"Ndiyo maana nakwambia weka sahihi, hakuna atakayejua."

Nitasema ukweli: kalamu Daktari aliishika. Aliwafikiria wagonjwa ishirini na tatu, akakifikiria chumba, akajionea huruma sana. Halafu akaiweka kalamu.

"Nimekula miaka thelathini na moja nikiandika kwamba mji huugua kwa sababu ya watu unaowapita kila siku bila kuwaona. Hata ukurasa wa kitabu changu nimeusahau."

"Wa tisini na nne," akasema Profesa.

Profesa akaanza kufuta miwani yake kwa bidii.

"Kumi na tatu!" dada mtu akapiga kelele kutoka mapokezi. "Wasomaji wamefika kumi na tatu!"

Daktari akachukua karatasi nyingine, akaandika mistari mitatu: kosa ni langu, sikumwona Karani, kiapo nilichokiapa nimekivunja mimi. Akaweka sahihi. Profesa akaisoma, akapumua kwa nguvu.

"Bodi inakaa Jumanne. Kwa karatasi hii wewe umekwisha, unajua?"

"Najua. Lakini Jumatatu nina kikao cha pili, na leseni bado ninayo."

"Basi nitakuja kukiona kwa macho yangu. Sitaki kumhukumu mtu kwa kusikia."

Waheshimiwa walipoombwa ruhusa hawakubisha. "Mji mzima umeshanisoma," alisema fundi cherehani, "profesa mmoja zaidi atanifanya nini?"

Jumatatu Daktari alipanga viti kumi na vitatu kwenye duara, na kimoja karibu na mlango kwa ajili ya Profesa. Dirisha moja aliliacha wazi. Kisha, mbele ya wote, akaenda hadi kwenye meza iliyo chini ya feni.

"Bwana Karani, habari za asubuhi. Alhamisi sikukusalimia. Naomba radhi, na naomba uje ukae nasi."

Karani alitazama nyuma yake kuona ni karani gani anayeitwa. Alipokaa, mikono haikujua pa kwenda. Aliiweka magotini, akaikunja, akaikalia.

"Na wewe huota?" Daktari akamuuliza.

"Ndoto yangu haina maana, Daktari."

"Tupe hiyohiyo."

"Naota tunafanya hesabu ya mali ya ukumbi. Ninasoma mimi mwenyewe, kwa sauti. Viti arobaini. Meza kumi. Feni mbili. Karani mmoja." Akakohoa kidogo. "Halafu naendelea. Mapazia sita."

Hata fundi cherehani hakucheka. Refa alijikuna shingo. Madiwani waliokaa na mtu huyu miaka na miaka walimtazama, na baadhi yao ndipo walipogundua kwamba ana kovu nyusini.

"Karani," akasema Kengele, taratibu, "wewe unakaa wapi?"

"Ng'ambo, mheshimiwa."

"Sasa kila siku unavukia wapi?"

"Kwenye tundu la uzio, nyuma ya kinu cha unga. Si mimi tu. Wanafunzi, wauguzi wa zamu, wote tunapita hapo. Hata mama yako."

"Mama yangu anavuka reli?"

"Kila Jumapili. Mimi humshika mkono, maana yale mataruma ya reli yanateleza."

Kengele akafumba macho. Refa akainama mbele, kiti kikalia.

"Miezi kumi na minne," akasema, "tunabishana stesheni, hospitali, stesheni, hospitali. Na wewe umekaa hapo, unajua watu wanakovukia?"

"Naandika, mheshimiwa. Hakuna aliyeniuliza."

Kumbe nyuma ya kinu ni mpakani kabisa, nusu kata hii, nusu kata ile. Hakuna diwani ambaye angepata sifa kwa daraja la pale, na ndiyo sababu hakuna aliyewahi kupataja.

"Hapo si kwangu," akasema Refa.

"Wala si kwangu," akasema Kengele.

Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu wachaguliwe, wote wawili wakaanza kucheka. Daktari alikuwa akilia na kutabasamu kwa pamoja, na karatasi za kufutia machozi alikuwa amezisahau ofisini.

"Hoja ni hii," Refa akanguruma. "Daraja lijengwe penye tundu la uzio, nyuma ya kinu."

"Samahani," akasema Karani, akiinuka. "Kama ni hoja, lazima nirudi mezani. Hoja huandikwa."

Akarudi, akachukua kalamu, mikono yake ikatulia. Wanaounga mkono? Mikono ikapanda. Fundi cherehani, mzima wa tumbo, alisimama kabisa ili aonekane. Karani akahesabu kwa ncha ya kalamu, akasita, akahesabu tena.

"Kumi na wawili," akatangaza.

"Tuko kumi na mmoja," akasema Refa.

Vichwa vyote vikageukia mlangoni. Profesa alikuwa ameketi wima, mkono juu, kidole kimenyooka, kama mtoto wa darasa la kwanza anayejua jibu.

"Profesa," akasema Karani kwa upole, "mgeni hana kura. Naomba ushushe mkono."

Profesa akautazama mkono wake kana kwamba ameletewa na mtu mwingine. Haukushuka. "Lakini ni sawa kabisa!" akasema. "Hapo ndipo panapofaa! Inakuwaje mtu asiunge mkono?"

"Niliandike na hilo, Daktari?" Karani akauliza, kalamu ikingoja. Safari hii Daktari alikuwa ameulizwa, naye akamgeukia mwenye mkono.

"Andika," akasema Profesa. "Kesho bodi wataniuliza nilikuwa wapi."

Jumanne bodi ilimpa Daktari karipio la ukurasa mzima, ambalo alilistahili na alilisoma mara mbili, ikamwachia leseni yake. Wajumbe hawakuwa na la kubishana sana, kwa sababu wote walikuwa wamepita kwenye ubao wa matangazo wakienda kikaoni, na pale, chini ya mhuri, kwa mwandiko ulionyooka, palikuwa pameandikwa: "Waliounga mkono ni waheshimiwa kumi na mmoja, pamoja na Profesa wa bodi ya leseni, ambaye aliombwa ashushe mkono, akakataa."